Kisanduku cha Chumbani kwa Mitchelle

Ukitaka kujua vile wivu huingia mtu, usisumbue watu wengine, uliza Trizah Okurut wa pale Malaba. Wake uliingia saa nne asubuhi, jua likiwaka, yeye akiwa amebeba karai la viazi vitamu, na uliingia kwa mlango wa mbele bila kubisha.

Baba yake, Mzee Okurut, ndiye mpiga video wa sehemu hiyo yote. Kutoka Malaba mpaka Busia, na ukivuka hata upande wa Uganda, hakuna arusi, matanga wala sherehe ya kwaya ambayo hakusimama mbele kabisa na kamera begani, kofia imegeuzwa nyuma. Miaka kumi na sita. Na hiyo miaka kumi na sita yote alikuwa ameiweka kwa mkebe wa biskuti: diski ishirini na tatu, kila moja imebandikwa plasta ya kidonda na kuandikwa kwa biro. MATANGA MODING. ARUSI NDEFU. KWAYA BUTULA, NZURI. Basi siku moja mwezi wa pili, ile ARUSI NDEFU ikateleza kutoka kwa meza, ikaanguka, ikalia ka-ka-ka kama kuku anayetafuta pa kutaga, halafu ikanyamaza kabisa. Wenye arusi walitoka Matayos wakaja kulia pale studio mpaka majirani wakakimbia kuuliza ni nani amekufa.

Ndiyo Mzee akasema imetosha. Anataka mahali pamoja pa kuweka kila kitu, hapo hapo nyumbani. Mtu akiwa studio na kompyuta aone, akiwa jikoni na simu aone, bila kuchomoa diski na kuzunguka nayo kama yai. Na yule atakayepanga hiyo kitu vizuri ndiye atakuwa mwenye ghala. Paswadi zake, funguo zake, mteja akija anaelekezwa kwake.

Trizah aliposikia hivyo hata hakuuliza ni nani. Kwani kuna nani mwingine? Kwa hilo boma lote ni yeye tu ana diploma ya kompyuta, miaka miwili chuo huko Kisumu, cheti kimewekwa kioo na kutundikwa sebuleni juu ya televisheni. Mwaka mzima alikuwa amekaa nyumbani akingoja kazi, akimshikia baba yake taa kwa arusi za watu. Hii sasa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ilikuwa na jina lake.

Halafu akaingia sebuleni na karai lake la viazi, akakuta Mitchelle ameketi kwa kiti kidogo mbele ya Mzee, ameweka vikombe viwili vya mahindi kwa meza, anaeleza.

Mitchelle ni bibi ya Paulinus, kaka mkubwa wa Trizah. Walioana mwezi wa kumi na mbili tu. Ni binti ya Kibet mmoja wa Eldoret, amekulia kwa ploti, vyumba vya kupanga vya mjini, na hana cheti hata kimoja. Alifanya tu kazi kwa studio ya mtu huko kwao, miaka mitatu, akajifunza kwa macho. Lakini alikuwa na ile sauti ya polepole ambayo wazee wanapenda.

"Baba," Mitchelle alikuwa anasema, "hii ni ghala ya kwanza, hii ya pili. Ukimwaga gunia hapa, lenyewe linajimwaga na huku. Siku panya akimaliza hii, unakula ya hii ingine. Ni kisanduku kidogo tu, ndani kuna diski mbili. Hakipigi kelele, hakili stima mingi."

"Ejok," Mzee akasema kwa Kiteso, yaani ni vizuri. Akachukua kikombe kimoja, akakichungulia ndani. "Ejok noi. Trizah, umesikia? Ghala mbili!"

Trizah akaweka karai chini.

"Baba, hiyo ni njia moja," akasema. "Ziko nyingi. Kuna kuchomeka diski kubwa kwa raota yenyewe..."

"Hiyo ni rahisi," Mitchelle akasema, "lakini si ni diski moja tu? Ikianguka tumerudi kwa ARUSI NDEFU."

"Nilikuwa nasema hivyo hivyo, shem, niache nimalize. Kuna kupeleka hewani. Lakini Baba, kazi yako ni kubwa. Na hii intaneti yetu, kupandisha tu kutachukua miezi mitano na nusu, usiku na mchana, bila kupumzika." Hapo aliona Mzee ameinua nyusi, akapata nguvu. "Sasa mimi nataka tuchukue kompyuta nzee ya mezani, ile ya saiba, duka la intaneti lililofungwa pale karibu na stendi ya malori. Tunaweka diski nne, tunaweka mfumo wa seva wa bure, tunapata redandansi ya pariti, halafu protokali..."

"Pariti ni nini?" Mzee akauliza.

Na hapo ndipo mambo yalimharibikia. Alieleza pariti. Alieleza kama vile mwalimu wao alieleza chuoni, kwa mishale na moja na sufuri, akachora nyuma ya kadi ya arusi, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho ya Mzee yalivyokuwa yanateleza, yanateleza, yakarudi kwa vikombe vya mahindi.

"Na hiyo kompyuta ya saiba," Mzee akauliza mwisho, "si ndiyo ile ilikuwa inanguruma kama posho mill ikisaga mahindi?"

Paulinus, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu aende kazi yake ya kupitisha mizigo ya malori, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Lakini alicheka.

"Tunanunua kisanduku," Mzee akasema. "Mitchelle atapanga. Trizah, utamsaidia bibi ya ndugu yako."

Kumsaidia! Trizah alirudi jikoni akamenya viazi vyote vya karai, hata vile vya kesho. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kisanduku kilikuwa wazo zuri. Angalau lingekuwa wazo bovu angepata pa kushika. Tena Mitchelle alikuwa amesema na kitu ambacho Trizah mwenyewe alisahau kusema: kwamba ghala mbili haziwezi kukuokoa ukifuta kitu kwa makosa, kwa sababu ukifuta huku kinajifuta na kule, kwa hivyo lazima kuwe na diski ya tatu inayokaa mbali, kwa shangazi huko Butula, inaletwa kila mwisho wa mwezi na kurudishwa. Hiyo ni ya kwenye noti za Trizah! Ukurasa wa kwanza! Na huyu ameitoa kichwani akipepeta mahindi.

Kisanduku kilikuja Jumatano, ndani ya katoni, kimefungwa kama mtoto mchanga. Paulinus alikuwa ametumwa na kazi Mombasa wiki nzima. Kwa hivyo walikuwa wao wawili, Mitchelle na Trizah, na swali likawa moja tu: kikae wapi?

Sebuleni kwa Mzee hapana, watoto wa majirani huja kuangalia katuni. Studio ndiyo ilikuwa mahali pake, mtu yeyote aliyesoma angekwambia hivyo, kwa sababu kazi nzito ya kukata video inafanyika huko. Lakini studio ilivunjwa mwezi wa tatu, wezi wakapita na njia ya nyuma inayoenda mpakani, wakabeba kamera na stendi yake, na dirisha bado lilikuwa la mbao. Mitchelle alizunguka boma lote mikono kiunoni, akasimama, akaangalia nyumba yake mwenyewe hapo karibu na geti. Nyumba ya Paulinus. Ile sahani ya intaneti iko juu ya mabati yake, raota iko ndani sebuleni, na waya wa kwenda studio ulikuwa umeshazikwa na fundi.

"Kwangu," Mitchelle akasema. "Lakini si sebuleni, hapo barabara inaingiza vumbi yote ya malori. Chumba cha kulala. Kuna grili, kuna kufuli, hakuna vumbi. Unaonaje, shem?"

Sasa hapa skiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo kuna kesi.

Kwa watu wa boma hilo, na si boma hilo tu, kijana akishaoa, chumba chake cha kulala ni mwiko kwa wazazi wake. Baba yake hawezi kuweka mguu. Hata sebuleni anasita, anasimamia veranda, anaita. Chumbani ndiyo kabisa. Afadhali aone nyumba ikiungua aite majirani. Mama naye vile vile. Hakuna mtu amekuandikia hiyo sheria, unakua tu unaikuta, kama unavyokuta mto. Na Mitchelle hakukulia huko. Yeye alikuwa anaona grili na kufuli. Trizah alikuwa anaona Mzee Okurut, mwenye hiyo kazi yote ya miaka kumi na sita, asiyeweza kufika kwa kibonyezo cha kuiwasha.

Alifungua mdomo. Kweli alifungua. Neno lilikuwa hapo kwa ulimi: *Shem, Baba hawezi kuingia hapo.* Maneno machache tu, hata si ya chuo.

"Ni sawa," akasema. "Ni mahali pazuri."

Na Mitchelle alipokuwa anapigilia rafu kwa ukuta, juu kidogo ya kichwa cha kitanda, Trizah ndiye aliyemshikia misumari. Alimpa mmoja mmoja. Akawa anajisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, kama mtu anayekula maembe mabichi.

Wiki tatu kila kitu kilienda vizuri mpaka ikawa inachosha. Mzee alikuwa anafungua kompyuta studio, faili zote zimejipanga: mwaka, mahali, sherehe, jina la familia. Hakuna aliyekumbuka mkebe wa biskuti. Mzee akaanza kuwaambia wateja, "Ngoja nimuulize Mitchelle." Mara, "Mitchelle amesema." Mara, mbele ya fundi wa viatu na mama wa duka, "Huyu msichana Paulinus alituletea ana akili ya ajabu." Trizah alikuwa anasikia hayo akiwa ameshika ufagio, na kila sifa ilimpata mahali pale pale, chini kidogo ya shingo. Alianza kuombea stima ipotee. Stima ilipotea mara mbili, ikarudi, kisanduku kikajiwasha chenyewe na kufanya *tit*. Hata stima ilikuwa upande wa Mitchelle.

Ijumaa ya wiki ya nne, saa nane mchana, akaja Mwalimu Methuselah kutoka Butula.

Huyo ni mwalimu wa kwaya, mtu mnene wa kucheka, mwenye sauti ya besi inayofika kabla yake. Jumapili hiyo kwaya yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano, na walitaka kuonyesha kanisani ile video ya zamani, ya wakati mwalimu wao wa kwanza alikuwa bado hai.

"Yoga, Okurut!" aliita kutoka getini, akisalimia kwa Kiteso.

"Yoga noi, Mwalimu! Karibu, karibu. Hiyo kitu ni dakika mbili. Siku hizi tuko kisasa, kila kitu kiko kwa netiweki."

Trizah alikuwa kwa bomba hapo uani, anafua. Alisikia kiti kikivutwa studio. Alisikia Mzee akibonyeza. Halafu akasikia kimya, na baadaye Mzee akibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, vile watu hufanya wakidhani kompyuta haijasikia.

"Inasema haioni," Mzee akasema.

"Haioni nini?"

"Kisanduku."

Mitchelle alikuwa ameenda Busia tangu asubuhi kurekodi mahafali ya shule moja, na simu yake haikuwa inashika. Paulinus alikuwa katikati ya foleni ya malori mpakani. Mama alikuwa sokoni. Ufunguo wa nyumba yao ulikuwa umetundikwa kwa msumari jikoni, mahali Mitchelle huuacha kila akitoka.

Mzee akatoka studio. Akavuka uwanja kwa hatua za mtu anayejua anakoenda. Akafika kwa veranda ya Paulinus, akasimama. Akaweka mkono kwa nguzo. Akarudi hatua moja nyuma. Akazunguka upande wa dirisha, akaona ni la chumba cha kulala na kisanduku kiko ukutani juu ya kitanda, akageuza macho haraka kama mtu aliyemwagiwa maji, akarudi tena kwa nguzo.

Trizah aliona yote hayo, mikono ndani ya povu. Hii siku alikuwa ameiota. Kwa ndoto yake, Mitchelle alikuwa katikati ya uwanja, ameinamisha kichwa, Mzee anafoka, halafu watu wote wanageuka kumwangalia Trizah na cheti chake. Lakini kwa uwanja hapakuwa na Mitchelle. Palikuwa na baba yake tu, na kofia yake.

"Watu wa nyumba hii!" Mzee akaita, na alijua hakuna mtu.

Mwalimu Methuselah akatoka studio kuona nini kinachelewesha. Akaangalia nyumba, akaangalia geti, akaangalia ile sahani juu ya mabati. Yeye ni wa huko huko, hakuhitaji kuelezwa. Alianza kucheka kutoka tumboni.

"Okurut! Usiniambie."

"Mwalimu, ngoja tu kidogo."

"Usiniambie hiyo kitu iko kwa chumba cha kijana!" Akashika magoti. "Ndugu yangu! Sauti zetu zote, marehemu mwalimu wetu na koti lake la suti, umewapeleka walale na maarusi? Na wewe mwenye mali unabisha hodi nje kama muuza sufuria!"

Mama wa duka, ng'ambo ya barabara, alikuwa ameacha kupima sukari. Mzee aliangalia chini, akaanza kufuta kitu kwa nguzo kwa kidole, na kwa hiyo nguzo hakukuwa na kitu. Trizah hajawahi kumwona baba yake akikosa neno. Huyu ndiye mtu aliyeamuru maaskofu wasogee kushoto kidogo.

Alijikuta ameshashika ufunguo. Hakumbuki kutoka kwa bomba.

"Naenda mimi, Baba."

Mzee hakumwangalia. "Nenda," akasema.

Chumbani aliingia macho chini, kwa sababu hata dada ana heshima yake, akaangalia ukuta tu. Taa za kisanduku zilikuwa zimezima. Akafuata waya. Plagi yake ilikuwa imelala sakafuni, imechomolewa, na kwenye tundu lake palikuwa na waya wa pasi. Pasi! Mitchelle alikuwa amepiga pasi blauzi yake ya kwenda mahafali, akasahau. Ghala ya miaka kumi na sita, imezimwa kwa sababu ya blauzi.

Sitadanganya, Trizah alicheka. Alicheka peke yake mle ndani, mkono mdomoni. Sasa alikuwa na mawili: chumba na pasi. Mitchelle amekwisha.

Akachomeka, akangoja. Kisanduku kikafanya *tit*, taa zikawaka moja moja, nyekundu, rangi ya machungwa, halafu kijani mbili. Hakuna diski iliyoharibika. Alipofika studio video ilikuwa inacheza, na Mwalimu Methuselah alikuwa amesimama mbele ya kioo, ameacha kucheka, anaimba besi pamoja na mtu aliyekufa miaka tisa iliyopita, machozi yanamtiririka hadi kwa kola. Alipata nakala yake, akashukuru sana, akamkumbatia Mzee. Lakini alipofika getini akakumbuka tena, mabega yakaanza kutikisika, akaaga.

"Mulembe, Okurut! Nitawaambia Butula yote mahali nyimbo zao zinalala!"

Saa kumi na moja jioni Mzee aliita kila mtu kwa veranda ya jikoni. Kulikuwa na chai na viazi, na hakuna aliyegusa viazi. Mitchelle alikuwa bado na ile blauzi, imenyooka sawasawa.

"Leo," Mzee akasema, "nimesimama kwa nyumba ya kijana wangu kama mwizi aliyekosa dirisha. Mgeni wangu amenicheka na mama wa duka ameona. Mali ni yangu na siwezi kuifikia." Akavua kofia. "Trizah amenitoa aibu, na ameniambia hata ya pasi. Naona nilikosea. Hiyo kazi nitairudisha kwa mwenye cheti."

Mwenye cheti! Trizah aliyasikia hayo maneno yakimteremka polepole, matamu kama asali ya kwa sega. Hivyo tu. Alikuwa hahitaji kufanya kitu chochote, ila kuendelea kuketi.

"Baba, nisamehe," Mitchelle akasema. Sauti ilikuwa chini sana. "Hiyo ya pasi ni makosa yangu, sina la kusema. Lakini hii ya chumba, mimi sikujua. Kwetu tuliishi ploti. Baba yangu akija kwa brother yangu anapita huko ndani kwa bafu ananawa uso, anatoka. Hakuna mtu aliniambia."

"Mimi nilirudi kutoka Mombasa nikakuta imeshawekwa," Paulinus akasema. "Nikajua mmeongea na mkakubaliana. Ningeanzaje kuuliza hiyo?"

"Mimi niliambiwa tu iko huko kwenu," Mzee akasema. "Nikadhani ni sebuleni kwa raota." Akawaangalia wote. "Kwa hivyo kwa hii boma yote hakuna mtu alijua mwiko na akaona kikiwekwa?"

Mama akatikisa kichwa. Mitchelle alikuwa ameanza kutikisa chake pia, halafu akasimamia katikati. Aligeuza macho kwa Trizah. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo: nani alikuwa na mimi siku hiyo? Nani alisema ni mahali pazuri?

Trizah angeweza kuinua kikombe chake cha chai. Kilikuwa hapo karibu. Mtu akinywa chai hawezi kujibu. Lakini kila alipotaka kukishika alimwona tena Mzee akifuta ile nguzo kwa kidole.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba huwezi kuingia. Nilijua hiyo siku yenyewe. Aliniuliza, nikamwambia ni pazuri. Nikamshikia misumari."

Kule barabarani lori lilitoa upepo, fuuu, kama linasikitika.

"Kwa nini?" Paulinus akauliza.

"Kwa sababu wewe ulicheka," Trizah akasema, akashangaa mwenyewe kwamba hiyo ndiyo iliyotoka. "Na Baba akachukua vikombe vya mahindi. Miaka miwili nimesoma hiyo kitu, na mtu anakuja tu na mahindi."

Paulinus akainama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimeshafungwa.

Mzee alimwaga masalio ya chai yake chini, polepole. "Huko chuo," akauliza, "mlikuwa na somo la kunyamaza?"

"Hapana, Baba."

"Kwa sababu hiyo ndiyo umepita vizuri." Akainuka, akavaa kofia. "Kesho fundi wa kuchomelea aje aweke grili studio. Kisanduku kihamie huko. Mwenye ghala ni Mitchelle. Pasi anaweza kufundishwa. Wewe utafanya chenye atakwambia."

Jumamosi grili iliwekwa. Jumapili jioni kisanduku kilikuwa studio, ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya kupumua, kwa tundu lake peke yake la stima lililobandikwa karatasi: USIGUSE. Na kilikuwa kinaenda haraka kuliko mwanzo, vile Trizah alijua kingeenda. Hiyo haikumsaidia kitu.

Jumatatu Mitchelle alimwita. Hawakuwa wameongea tangu Ijumaa ila "pitisha chumvi."

"Nimekufungulia akaunti," akasema, macho kwa kazi yake ya kukata video. "Jina lako liko hapo. Paswadi chagua mwenyewe, sitaki kuijua."

Trizah akaketi kwa kompyuta ya pili. Akaingia. Miaka kumi na sita yote ikafunguka mbele yake, safi, mistari kwa mistari. Akaanza kupita, mwaka baada ya mwaka, akitafuta makosa, sitaficha, alikuwa anatafuta makosa. Na mwaka wa sita akapata. Matanga ya nyanya ya kina Oriokot, yale ya mvua, yaliyofanyika Moding, yalikuwa yamewekwa chini ya Matayos. Yeye alikuwa huko siku hiyo, mtoto mdogo, amesimama kwa matope. Akashika faili aivute mahali pake.

Haikuvutika. Kompyuta ikamwandikia kwamba hana ruhusa.

Akajaribu kufungua folda mpya. Hana ruhusa. Akajaribu kubadilisha jina. Hana ruhusa.

"Shem," akasema, "hii akaunti yangu ni ya kusoma tu."

"Eeh." Mitchelle bado alikuwa anaangalia kazi yake. "Kuona, unaona yote. Kugusa, bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuzoee."

Trizah na diploma yake akaketi hapo, mikono mapajani. Ilimuuma kama jino. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba angekuwa yeye, hata hiyo ya kusoma asingempa mtu. Aliangalia tena ile Matayos. Ingeweza kukaa hapo. Siku moja kina Oriokot wangekuja kuitafuta, Mitchelle atafungua Moding, atakosa, atafungua tena, na Mzee atakuwa amesimama nyuma yake. Trizah angekuwa tu mahali, na ufagio wake.

Akahesabu kidogo hiyo siku kichwani. Ilikuwa tamu bado.

"Shem," akasema, meno yamekazana. "Kuja uone. Hapa umeweka vibaya."

Mitchelle akavuta kiti.

"Wapi?"